Mia Sita na Arobaini

Februari 16, Jumapili

Mama mkwe wangu, Verna, huandika msimu mzima kwa mstari mmoja. Anachukua penseli yake, anaandika mwaka na namba moja kwenye mbao za banda la kuchemshia shira, basi, imekwisha mpaka mwakani. Ukuta mzima umejaa mistari ya namna hiyo, ya zamani ni ya mkono wa baba yake. Mimi mstari mmoja haunitoshi hata kusimulia kifungua kinywa. Kwa hiyo nimenunua daftari, na mwaka huu naandika mimi, Corinne Tatro, na nikitaka kurasa kumi nitaandika kumi.

Leo tumeanza kutoga miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake tunauchemsha mpaka uwe shira. Mume wangu Orrin mbele na keekee, binti yetu Odelle nyuma yake akigongea vifereji, mimi nyuma kabisa na mipira ya kupitisha utomvu, theluji ikitufika magotini. Naona Orrin amewahi mno, baridi bado kali. Nikamwambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Akajibu bila kugeuka, "Na mwenye domo hadiriki kumaliza kazi." Odelle, miaka kumi na miwili, alicheka mpaka akaangusha nyundo kwenye theluji. Tumeitafuta mpaka chakula cha mchana.

Februari 19

Baridi ya kukata masikio. Hakuna hata tone.

Februari 21, Ijumaa

Jamani, sijui nianzie wapi!

Leo nilimpeleka Odelle kushinda siku nzima Alder Hill, ile shule ya binafsi ng'ambo ya mto. Orrin hakukataza. Alisema, "Nendeni mkatazame, kutazama ni bure." Alidhani tutarudi tumenywea.

Lazima nieleze. Odelle herufi zinamchezea. B inageuka D, mstari unaruka juu ya mstari. Shule yetu ya wilaya ina mwalimu mmoja wa watoto kama yeye, mwanamke mwema, lakini anazunguka shule nne, na mwanangu humpata nusu saa kwa wiki. Mwaka jana Odelle aliacha kunyoosha mkono darasani. Mwaka huu ameacha kusoma hata maandishi ya pakiti ya biskuti. Anatazama picha, anakisia. Mtoto anayejua kupima utamu wa utomvu kwa ncha ya ulimi!

Alder Hill wana mwalimu wa namna hiyo kila siku, kila alasiri. Nilimfuata Odelle saa tisa, akaingia garini, na njia nzima akawa ananisomea mabango. Kwa sauti! Bango la nyasi kavu, bango la mayai, bango la mchungaji anayegombea kitu fulani. "PUNGUZA MWENBO," akasoma, halafu akasema, "Hapana. Mwendo. Mwendo, Mama!" Alijirekebisha mwenyewe. Ilibidi nisimamishe gari kando ya barabara nipenge kamasi.

Sasa ada. Nilikuwa nimejiandaa kuzimia. Bi Pruitt, mwandikishaji, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, akanikalisha. Nikamuuliza bei gani. Akasema, "Inategemea. Mnapata kiasi gani?" Nikadhani ananidhihaki. Kumbe ndivyo wanavyofanya! Hawana bei moja ambayo wengine wanapunguziwa kwa kupiga magoti. Kila familia ina bei yake, kulingana na kipato chake. Daktari ana yake, mkata nyasi ana yake, na kila mmoja ni mlipaji kamili. Nikamuuliza mara tatu kama nimesikia vizuri. Nilipoondoka nilikuwa nimemkumbatia na kumwalika aje kula chapati zetu za maji wikendi ya mepo, maana mimi nikifurahi huwa naalika kila kiumbe.

Februari 22

Orrin: "Hakuna duka la namna hiyo duniani."

Mimi: "Lipo, ng'ambo ya mto, na lina maktaba."

Amekubali wampigie simu. Ameguna kwanza, lakini amekubali.

Februari 28, Ijumaa

Utomvu umetoka! Umetoka! Kufikia saa sita mipira yote ilikuwa inabubujika na tangi limeanza kujaa. Tukawasha moto. Verna akashika nafasi yake mbele ya karai kubwa, mwiko mkononi, na hakuna anayeruhusiwa kumkaribia, hata mimi niliyeolewa hapa miaka kumi na mitano. Nimewahi kusema huyu mama ana moyo wa jiwe la kusagia, na leo nimesema tena, kimoyomoyo.

Mvuke ukipanda juu ya paa, majirani wanajua. Akaja mzee Lyle Goss, mstaafu wa posta, na ndoo zake mbili. Ana miti miwili tu, mbele ya nyumba yake. Kwetu sheria ni moja: leta utomvu wako, tunauchemsha, nusu ya shira ni yako na nusu inabaki bandani. Ulete ndoo mbili au matangi mawili, ni nusu. Orrin alimfungulia mlango kama anavyomfungulia mwenye miti elfu, akamvutia kiti karibu na moto.

Katikati ya ngurumo hiyo simu ya Orrin ikalia. Bi Pruitt! Anataka makadirio tu, karatasi za kodi zitafuata. Orrin akaziba sikio moja, akapaza sauti, "Mwaka jana? Tulipata mia sita na arobaini! Eeh, mia sita na arobaini! Lakini mwaka juzi tulipata zaidi!"

Akakata simu, akakuna kichwa. "Mwanamke mwema," akasema. "Lakini alishtuka kidogo. Sijui kwa nini, mwaka jana haukuwa mwaka wa kumshtua mtu."

Odelle leo amesoma: maandishi ya kwenye kiberiti, ya kwenye kopo la mafuta, na kofia ya mzee Lyle.

Machi 4

Joto. Utomvu umesimama. Odelle amesoma pakiti ya unga.

Machi 7

Baridi mno sasa. Utomvu umesimama tena. Hali ya hewa hii haina adabu. Odelle amesoma pakiti ya unga, pande zote mbili.

Machi 11, Jumanne

Barua imekuja.

Nilikuwa jikoni kazini, kule nyumba ya wazee, nikimenya karoti, nikaifungua kwenye simu. Nilisoma ada, nikadhani nimehesabu sifuri vibaya. Nikampa mwenzangu asome. Naye akahesabu sifuri zile zile.

Ni ada ya juu kabisa ya shule nzima. Inazidi trekta letu, tuliuze na tairi zake za akiba. Na chini yake Bi Pruitt ameandika kwa upole kwamba wanafurahi sana kupata familia kama yetu. Familia kama yetu! Nilizitwanga karoti zile badala ya kuzikata. Wazee wamekula uji wa karoti.

Nyumbani Orrin alisoma, akakunja midomo. "Niliwaambia tulichopata. Hii ndiyo bei yao. Nilikuambia hakuna duka la namna hiyo."

"Nipige simu niulize? Kuuliza si ujinga."

"Hatubembelezi mtu, Corinne."

Na mimi, Mungu anisamehe, kiburi kikanipanda kama maziwa yanayofurika. Nikasema vizuri, mimi pia simpigii. Yule mrefu wa miwani ya kamba alinikumbatia akijua ataninyonga! Nimemtukana kuanzia sinki mpaka mlangoni, na bahati yake hasikii.

Odelle alisema, "Si kitu, Mama." Halafu akala biskuti, akaiangalia picha ya kwenye pakiti, akaigeuza upande wa meza. Hapo ndipo moyo uliponiuma kweli.

Machi 13

Utomvu umetoka kidogo. Odelle hakusoma kitu.

Machi 15

Umetoka. Tumechemsha mchana kutwa. Hakusoma kitu.

Machi 18

Verna ameniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, "Mtoto amekuwaje?" Nikamweleza barua. Akakoroga kwa muda mrefu. "Miti yangu mia moja ile ya mtoni," akasema, "mfanyabiashara wa mbao alitaka kuinunua." Nikamwambia hata akiiuza yote haitoshi mwaka mmoja. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kukoroga. Sikujua kuwa angeweza hata kufikiria kuiuza miti ile, aliyoipanda na marehemu mume wake. Nafuta yale ya jiwe la kusagia.

Machi 22, Jumamosi

Weee! Shika kalamu vizuri, Corinne, usiruke kitu.

Wikendi ya mepo. Kila banda la wilaya liko wazi, watu wanakuja na watoto, wanakula chapati za maji na shira ya moto. Utomvu ulikuwa unatoka kwa fujo, mvuke umejaa mpaka huoni dari, mimi kwenye kikaango, Odelle akigawa sahani. Nainua macho, nani huyo mlangoni? Bi Pruitt! Na watoto wake wawili, na ile miwani imejaa ukungu.

Nilimwalika mwenyewe, sikuwa na la kusema. Nikamwekea chapati tatu, nikaziweka kwa kishindo. Akasema, "Asante sana, Bi Tatro, nimefurahi kweli." Nikasema, "Hamna shida," kwa sauti ya mwenye shida.

Akala. Shira ikamchuruzika kidevuni. Orrin alikuwa anatia kuni, amevaa buti lake lililopasuka ambalo amelifunga kwa waya. Ndipo mzee Lyle, kutoka kitini kwake, akaropoka kwa sauti ya kiziwi nusu, "Orrin! Mwaka huu utaupita mwaka jana! Mwaka jana ulipata ngapi vile?"

"Mia sita na arobaini!" Orrin akajibu.

Uma wa Bi Pruitt ukasimama hewani.

"Mia sita na arobaini," akasema polepole. "Mia sita na arobaini nini?"

Banda zima likamgeukia, maana hakuna mtu huku anayeuliza swali hilo.

"Galoni, mama," akasema mzee Lyle. "Wewe ulidhani nini, mayai?"

Bi Pruitt aliweka sahani chini. Akavua miwani. "Bwana Tatro," akasema, "mimi nilikuandika kuwa unapata dola elfu mia sita na arobaini kwa mwaka!"

Orrin akaangusha kuni zilizokuwa mkononi.

"Wazazi wetu wenye fedha wakisema mia sita, wanaacha kusema elfu," akasema, uso umemwiva. "Mkuu wa shule aliniagiza niwaulize kama mngependa kutujengea ukumbi wa muziki!"

Mzee Lyle ndiye aliyeanza kucheka, halafu likalipuka banda zima. Watu walishikana mabega. Mimi nilikaa juu ya gunia la unga, nacheka na kulia, chapati zinaungua. Orrin alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Lakini uliniona mimi ni tajiri?" akauliza, akinyanyua lile buti la waya.

"Wapo matajiri wa hivyo!" Bi Pruitt akajitetea. "Wengi tu! Ndio wabaya zaidi kwa mabuti!"

Na Verna, bila kuacha mwiko: "Elfu mia sita na arobaini, na mimi bado navaa sweta la marehemu mume wangu."

Huku kwetu ukisema umepata, ni galoni. Kila mtu anajua. Na mimi nilikuwepo, nilimsikia Orrin kwa masikio yangu haya siku ile ya simu, na sikushtuka! Wao wanaacha elfu njiani, sisi tunaacha galoni, tukakutana katikati kama vipofu wawili.

Bi Pruitt amesema tupeleke karatasi za kodi Jumatatu, atapiga hesabu upya kwa mkono wake. Nimempa mtungi mkubwa wa shira na kumwomba radhi kwa matusi ambayo hakuyasikia.

Machi 27, Alhamisi

Bei yetu imekuja. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nimekaa, na nimesimama tena. Kwa mwezi ni kama galoni nne za shira! Nne! Nilicheza jikoni kazini na mzee wa chumba namba saba, na kigari chake cha kutembelea.

Nyumbani Orrin aliishika barua kwa muda mrefu. Sikupenda namna alivyoishika.

"Hii ni sadaka," akasema.

"Ni ada yetu!"

"Kuna mtu mwenye kiwanda analipa mara kumi ya hii. Maana yake yeye ndiye anamsomesha mwanangu. Mimi sijawahi kuomba mtu, Corinne. Sitamwomba mwenye kiwanda."

Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki, Odelle akisoma daftari hili siku moja nitaona haya. Na atasoma. Kama baba yake hataziba njia. Jibu linatakiwa Jumatatu.

Machi 28

Utomvu unatoka kweli kweli. Orrin haongei. Mimi pia siongei, na mimi nikinyamaza watu hudhani naumwa.

Machi 30, Jumapili

Nataka kuandika haya kabla sijasahau neno hata moja, maana mama mkwe wangu ni shetani mzuri.

Tulikuwa bandani sote, alasiri. Mzee Lyle alikuwa amekuja na ndoo zake, akachukua nusu yake kwenye kachupa, akaenda zake. Mlango ulipofungwa tu Verna akasema, "Orrin, mwambie Lyle asirudi tena."

Orrin akatoa kichwa kwenye kuni. "Kwa nini?"

"Ndoo mbili! Anatumia moto wetu, karai letu, mgongo wangu, kwa ndoo mbili. Matangi ya majirani zetu kina Fenn ndiyo yanalipa kuni hizi. Huyo anakula jasho la Fenn. Omba-omba tu."

Jamani! Sijawahi kumwona Orrin akimpandishia mama yake sauti. Alitupa gogo chini. "Lyle haombi! Usimwite hivyo! Anatoa nusu, kama Fenn! Nusu ni nusu! Anaweka alichonacho na anachukua chake, na akikaa kwenye kile kiti ni kiti chake, hakukaa kwa huruma ya mtu! Hajawahi kuniomba kitu mzee yule, na atakayemwambia asirudi atanijua mimi ni nani!"

Verna akainua mwiko, akautazama ulivyokuwa ukidondosha shira.

"Haya," akasema. "Umejisikia ulichosema?"

Mimi nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Odelle alikuwa kwenye ngazi ya tangi, hasogei, anamtazama baba yake.

Orrin akaokota lile gogo. Akalitia motoni. Akafuta mikono kwenye suruali, ikabaki inanata vile vile.

"Iko wapi hiyo karatasi?" akasema.

Nilikuwa nayo! Nimeivaa ndani ya fulana tangu Alhamisi! Amesaini juu ya pipa, na sahihi yake imeganda shira, na ndivyo nitakavyoipeleka.

Odelle hakusema kitu. Aliteremka ngazi, akaenda kwenye rafu, akachukua pakiti ya biskuti, akaanza kutusomea viungo vyote, kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye yale majina marefu ya dawa za kutia rangi Orrin akasema hata yeye hajui hayo, na Odelle akamwambia, "Tutafika pamoja, Baba."

Machi 31

Nimeipeleka kwa mkono wangu. Bi Pruitt ameipokea, akalamba kidole.

Aprili 6, Jumapili

Utomvu wa ajabu! Usiku unaganda, mchana unayeyuka, siku tano mfululizo, hatujakaa chini. Kina Fenn wameleta matangi, Lyle ameleta ndoo tatu, ndoo ya tatu ni ya kuazima, na ameingia nayo kama bwana harusi. Verna amenipa mwiko nishike akanywe kahawa. Mimi! Nimekoroga kama niliyeshika mtoto mchanga.

Tumepita mia saba. Nikamwambia Orrin, kwa uchokozi, "Unajua ukipata zaidi, mwakani ada inapanda?"

Akasimama, akafikiri. Halafu akacheka, kicheko kile kile kilichonivuta nikaolewa naye. "Ipande!" akapaza sauti ndani ya mvuke. "Ipande tu! Labda na mimi nitakuwa namlipia mtoto wa mtu!"

Aprili 9

Matope. Gari limezama mpaka mlangoni. Hata hilo halijaniudhi.

Aprili 13, Jumapili

Vyura wameanza kuimba kule bwawani, na vyura wakiimba utomvu unachacha, msimu umekwisha. Tumeosha karai, tumeng'oa vifereji, mgongo wangu si wangu.

Jioni, jua bado liko juu ya kilima, tulisimama mbele ya ukuta kama kila mwaka. Verna akatoa penseli. Odelle akanyoosha mkono.

"Naomba niandike mimi, Bibi."

Penseli ile hajawahi kuishika mtu mwingine tangu baba yake Verna afe. Verna akamtazama, akampa.

Akaandika mwaka. Akaandika 812. Tukadhani amemaliza, Orrin akaanza kupiga makofi, lakini Odelle akainua kidole tunyamaze. Akasogeza uso karibu na ubao. Akaandika G. Akaandika A. Akaandika N, akaitazama, akalamba kidole gumba akaifuta. Nilitaka kumwambia herufi. Orrin akanikanyaga mguu kwa lile buti la waya. Mtoto alichukua muda wake, na alipoondoka ukutani ilikuwa imeandikwa: 812 GALONI.

"Ili watu wasikosee tena," akasema.

Ukuta mzima, miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika neno lile. Verna alivaa miwani, akalisoma, akalisoma tena, akasema limekaa sawa.

Halafu Odelle akarudi mwanzo kabisa, juu kule kwenye mkono wa baba yake Verna, akapanda juu ya ndoo ya mzee Lyle, akaanza kutusomea kila mwaka na kila namba kwa sauti, na mwisho wa kila mstari anaongeza, "Galoni!" Chakula kilipoa mezani, na hakuna aliyemwambia ateremke.